Imehifadhiwa, Haijatumwa: Niliyojifunza Nikifuatilia Magonjwa ya Mifugo kwa Simu

Mimi ni afisa mifugo wa kata katika wilaya ya Longido, mkoa wa Arusha. Nilisoma chuo cha mifugo Tengeru, nikapangiwa kazi huku, na miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi kwa daftari, kalamu na pikipiki. Taarifa za magonjwa nilikuwa najaza kwenye fomu za karatasi mwisho wa mwezi, naziacha kwa mtu anayekwenda mjini, na baada ya hapo sikujua zinafika kwa nani.

Kisha ikaja programu ya simu. Tuliitwa ukumbini wilayani kwa siku mbili, tukapewa simu janja za Android na kufundishwa kujaza fomu: aina ya mnyama, idadi ya waliougua na waliokufa, dalili, picha, mahali, tiba uliyotoa. Programu za namna hii zipo kadhaa. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wana ya kwao inayoitwa EMA-i, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wataalamu wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, walitengeneza AfyaData, inayopokea taarifa za watu na za mifugo. Ile niliyopewa mimi sitaitaja, kwa sababu makosa ninayoyaeleza hapa mengi ni yangu na yanaweza kumpata yeyote mwenye programu yoyote. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu wa kata wanaopewa simu hizi sasa, wauguzi wa zahanati wakiwemo, maana mfumo wao na wetu unafanana sana.

Kosa la kwanza lilionekana kwenye ramani. Baada ya miezi miwili tuliitwa wilayani kuonyeshwa matokeo ukutani. Kata za wenzangu zilikuwa na vitone vimetawanyika. Kata yangu ilikuwa na rundo moja la vitone vyekundu, vyote mahali pamoja, karibu na barabara. Nilipaangalia nikapatambua: ni kwenye baraza la duka ninapochajia simu kwa shilingi mia tano. Nilikuwa naenda kwenye boma, natibu, naandika kwenye daftari kama nilivyozoea, halafu jioni nakaa barazani na kuhamishia yote kwenye simu. GPS haijui ng'ombe aliumwa wapi. Inajua simu ilikuwa wapi wakati fomu inajazwa. Miezi miwili ya kazi yangu haikuweza kumsaidia mtu yeyote kujua ugonjwa uko upande gani wa kata, kama ni kule tambarare au chini ya mlima Gelai.

Nilikuwa na sababu zangu. Ukiwa ndani ya zizi mikono imejaa kinyesi na damu, na simu yenyewe si yako, ukiivunja utaulizwa. Baadaye nilipata njia. Nachukua glavu ndefu ya plastiki, ile ya kupimia mimba, naitumbukiza simu ndani na kufunga fundo. Kioo kinaitikia kidole vizuri tu, na tukimaliza natupa glavu, simu inabaki safi. Pia nilijifunza kusimama nje ya zizi, mahali pasipo na mti, na kungoja mpaka simu iseme usahihi umefika chini ya mita kumi ndipo nibonyeze. Ni dakika moja tu. Ukibonyeza haraka inaweza kukuweka kilomita nzima mbali na ulipo.

Kosa la pili ndilo lililonigusa zaidi kama mtaalamu. Sikuligundua mwenyewe. Daktari wa mifugo wa wilaya, mtu mzima ambaye ametibu ng'ombe tangu mimi sijazaliwa, aliniita baada ya mnada, tukakaa chini ya mti, akatoa karatasi yenye taarifa zangu zote za miezi mitano.

Akaniuliza, "Hapa umeandika ndigana kali. Tiba, OTC. Tezi ulizishika?"

"Dokta, kwenye fomu sikuandika."

"Sijauliza kama uliandika. Nauliza kama ulizishika."

Nilinyamaza. Ndigana kali ni ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi, nami sikuwa nimezishika. Akashuka na kidole chake mstari kwa mstari. Katika kila taarifa kumi, nane ziliishia na sindano ya OTC, yaani antibiotiki ya oxytetracycline. Ndigana kali, OTC. Homa ya mapafu, OTC. Kuhara, OTC. Ng'ombe aliyedhoofu tu, OTC. Halijoto ya mwili ilikuwa imejazwa mara chache sana, na hapo ilipojazwa iliandikwa 40, 40, 40. Nitasema ukweli hapa, kwa sababu nadhani si mimi peke yangu: zile arobaini nilikuwa nakisia. Naweka kiganja sikioni, nasikia joto, naandika arobaini.

Wanaosomea mambo haya wajue kwa nini hili ni zito. OTC inafanya kazi kwa ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Kwa ndigana kali ambayo dalili zimeshatoka, haimponyi mnyama. Huyo anahitaji buparvaquone, na anaihitaji mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Kwa hiyo kila niliposhindwa kutenganisha hizo ndigana mbili, nilikuwa nampa mfugaji dawa isiyomsaidia, ng'ombe anakufa siku ya nne, na kwenye mfumo wa taifa naacha namba inayodanganya. Juu ya hapo kuna usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na maziwa ambayo hayatakiwi kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Sikuwa namwambia mama wa boma habari za hizo siku. Watoto walikuwa wanakunywa jioni ile ile.

Dokta hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini, na nikamweleza mambo ambayo hakuna sehemu ya kuyajaza kwenye fomu. Mfugaji hakuiti mnyama anapoanza kuumwa. Ananunua chupa ya OTC mnadani, anachoma mwenyewe mara mbili, na ikishindikana ndipo anapiga simu. Ukifika, halipii kupimwa, analipia sindano. Ukimpima mnyama, ukamshika tezi, ukaangalia ufizi na kope, halafu ukasema huyu hahitaji dawa, utaondoka bila hata hela ya mafuta, na kesho ataitwa mwingine anayechoma bila kuuliza. Buparvaquone ni ghali mno kwa mtu ambaye ukame umemwachia ng'ombe wachache, na mimi sikuwa natembea nayo. Nilitibu kwa dawa niliyokuwa nayo mfukoni, kisha nikachagua jina la ugonjwa linaloendana na dawa.

Nalo hilo ni kosa la kutazamwa kwa makini. Programu yetu ilikuwa na kipengele cha kupendekeza: unaingiza dalili, inakuletea magonjwa yanayoelekea zaidi kulingana na dalili hizo. Mimi nilikuwa naanza na jina la ugonjwa kichwani, narudi nyuma najaza dalili zinazolingana nalo, mpaka simu ikubaliane nami. Ikikubaliana najisikia nimethibitishwa. Kumbe nilikuwa naongea peke yangu.

Kuanzia siku ile nilianza upya. Nilinunua kipimajoto kwa hela yangu, nikakifunga kamba na kibanio cha nguo ili kisizame ndani ya ng'ombe. Nikajiwekea utaratibu: simu haifunguliwi kwenye ukurasa wa ugonjwa mpaka halijoto imesomwa, tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega zimeshikwa, ufizi umeangaliwa na mkojo umeulizwa. Ndigana kali utakuta tezi zimevimba, wakati mwingine kama yai la kuku, na joto limepanda juu kabisa. Ndigana baridi mnyama amepauka au amekuwa wa manjano, choo kigumu. Mkojo mwekundu unajitaja wenyewe. Hayo yote nilifundishwa Tengeru na mtihani nilifaulu. Yalikuwa yamelala.

Mara ya kwanza kutoa kipimajoto mbele ya wazee ilikuwa kwenye boma la mzee mmoja ninayemheshimu sana. Alitazama simu yangu ndani ya glavu, akatazama kipimajoto, akasema, "Ero, hiyo simu yako haiwezi kupima homa yenyewe?"

"Haiwezi, mzee. Inaandika tu ninachoiambia."

Akafikiri kidogo. "Basi iambie vizuri."

Ng'ombe wake alikuwa na nyuzi joto 38.6. Hana homa. Alikuwa na minyoo na njaa, na kwa daftari langu la zamani angekuwa ndigana na angepigwa OTC. Miezi iliyofuata niliona hivyo tena na tena: wengi wa wale niliokuwa nawaita wagonjwa wa ndigana hawakuwa na homa kabisa. Taarifa zangu za ndigana zilipungua, na mtu wa takwimu wilayani akapiga simu kuuliza kama ugonjwa umekwisha. Nikamjibu kwamba ugonjwa uko vile vile, kilichobadilika ni mimi. Nawaomba wanaokaa mbele ya kompyuta wakichora grafu zetu walikumbuke hilo. Mstari unaposhuka au kupanda, kabla ya kusema ugonjwa umefanya hivi, mpigie simu mtu wa kata umuulize amebadilisha nini.

Mzee yule yule ndiye aliyenionyesha pengo la majina. Fomu ilikuwa na orodha ya Kiswahili na Kiingereza. Wafugaji wa huku wanasema oltikana kwa ndigana kali, olkipei kwa homa ya mapafu, oloirobi kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na mnyama anayezunguka zunguka kama kizunguzungu kimemshika wanasema ana ormilo. Kwenye orodha yetu ormilo haikuwepo. Nilikuwa naiweka kwenye "mengineyo", na "mengineyo" hayasomwi na mtu. Niliandika majina yote ya Kimaasai, nikapeleka wilayani, na baada ya muda mrefu baadhi yakaongezwa. Kama una nafasi ya kusema chochote wakati programu inatengenezwa, sema hapo. Mchungaji wa miaka kumi na mbili anatofautisha mambo ambayo orodha yetu iliyachanganya.

Sasa kosa la tatu. Hili bado linaniuma.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua za kwanza zimegusa ardhi. Niliitwa kwenye boma lililo upande wa mpaka na Kenya. Dume lilikuwa zima jioni, asubuhi likakutwa limekufa. Nilipofika tumbo lilikuwa limevimba, miguu haijakakamaa, na puani damu nyeusi nyembamba imetoka, haijaganda. Kila aliyesoma mifugo anajua maana ya picha hiyo. Ni kimeta mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzoga haufunguliwi, kwa sababu ukifunguliwa vimelea vinakutana na hewa, vinajigeuza mbegu, na mbegu hizo zinakaa kwenye udongo miaka mingi sana. Lakini nilikuwa nimechelewa. Vijana walikuwa wameshachuna upande mmoja, na nyama nyingine ilikuwa imeshaondoka kwenda maboma ya jirani.

Niliwazuia, tukabishana, wakakubali kwa shingo upande. Nilivaa glavu, nikachukua damu ya sikioni kwenye kioo kwa ajili ya maabara. Nikafungua simu, nikajaza fomu ya dharura, picha tatu, mahali kwa usahihi wa mita nne, kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikabonyeza. Ikaja alama ya kijani na neno "imehifadhiwa". Nikapumua. Nikaondoka nikijua wilaya imeshapata, chanjo na chokaa vitakuja, na watu wa afya wataenda kuwatafuta walioshika ile nyama.

Siku ya nne mama mmoja alinisimamisha njiani. "Daktari, njoo umwone mwanangu." Kijana alikuwa na kidonda mkononi, hakimuumi, pembeni kumevimba na katikati pameanza kuwa peusi. Alikuwa mmoja wa wachunaji. Nilitoa simu nimpigie Dokta, nikauliza timu imefikia wapi.

"Timu gani?" akasema.

Nilifungua programu. Fomu ilikuwa pale pale, kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutumwa. Imehifadhiwa, haijatumwa. Siku ile nilipokuwa mpakani simu ilidaka mtandao wa Kenya, bando langu halikufanya kazi huko, na picha tatu zilikuwa nzito. Niliporudi upande wetu bando lilikuwa limekwisha muda wake. Simu haikupiga kelele wala haikunikumbusha. Ilikaa kimya na fomu yangu siku nne.

Vijana watatu walipata vidonda. Zahanati iliwapa dawa na wote walipona. Ng'ombe wengine wanne walikufa kwenye maboma mawili. Majibu ya maabara yalirudi: kimeta. Chanjo ikaja, mizoga ikafukiwa kwenda chini na chokaa juu yake, na mnada ukafungwa kwa wiki kadhaa. Najua familia ambazo wiki hizo zilikosa unga kwa sababu hawakuweza kuuza hata mbuzi mmoja. Kama fomu ingefika siku ya kwanza, au kama ningepiga simu tu ya kawaida, naamini mengi ya hayo yangepungua. Kwa muda mrefu sikuweza kupita kwenye lile boma bila kuangalia chini.

Tangu hapo kwangu kuna magonjwa ambayo hayaanzi na fomu. Kifo cha ghafla chenye damu, mbwa mwenye kichaa aliyeng'ata, mimba nyingi kutupwa kwa pamoja baada ya mvua kubwa, mbuzi wengi kufa kwa kuhara na kamasi ndani ya wiki moja: hayo naanza na kupiga simu kwa Dokta na kwa muuguzi wa zahanati. Kama mtandao haupo napanda pikipiki mpaka upatikane. Fomu inafuata. Muuguzi wa zahanati na mimi tulikuwa tumefanya kazi kata moja miaka mitatu bila kuwa na namba za simu za kila mmoja. Afya Moja, yaani watu wa afya ya binadamu na wa mifugo kufanya kazi pamoja, ambayo huko juu ina dawati lake kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu, huku kwetu ilianza siku tuliyobadilishana namba mbele ya kitanda cha yule kijana.

Mambo mengine madogo, lakini yanagharimu. Kila jioni fungua kisanduku cha zinazosubiri, uhakikishe kiko tupu. Punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya kamera. Ukiwa karibu na mpaka zima simu kutafuta mtandao yenyewe, chagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Na wiki ambayo hujaona mgonjwa, tuma taarifa ya sifuri. Mimi nilikuwa situmi, naona ni kupoteza bando, lakini huko juu hakuna anayeweza kujua kama kimya chako maana yake mifugo ni mizima au barabara imekatika na mvua. Bando, kwa kweli, kwa sehemu kubwa nimelipia mwenyewe. Nimelisema hilo kwenye vikao na nitaendelea kulisema: huwezi kujenga ufuatiliaji wa magonjwa ya nchi juu ya mfuko wa afisa wa kata.

Kuna pia hofu ya wafugaji, nayo ina msingi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa haya yatolewe taarifa, na taarifa inaweza kuleta karantini. Mtu anayekuona unapiga picha boma lake na kuandika idadi ya ng'ombe anafikiria kodi, anafikiria kupunguziwa mifugo, anafikiria mnada kufungwa. Zamani nilikuwa napiga picha kwanza, nikiulizwa ndipo naeleza. Siku hizi naigeuza simu kuelekea kwa mwenye boma, namwonyesha kila ninachoandika, nasoma kwa sauti, naomba ruhusa ya picha, na sura za watu sizipigi. Inachukua muda mrefu zaidi. Lakini sasa napigiwa simu mnyama akiwa bado hai.

Mwaka uliofuata ule wa kimeta, yule mzee wa kipimajoto aliomba aone ramani. Nilimfungulia, nikamwonyesha mlima, korongo, na vitone vya mizoga ya mwaka uliopita. Aliangalia kwa muda, akauliza kwa nini kule kwenye korongo la mashariki hakuna kitone. Nikamwambia hakuna aliyekufa kule.

"Mwaka huo hakuna," akasema. "Baba yangu alipoteza ng'ombe pale. Nikiwa moran tukapoteza wengine pale pale. Ndiyo maana sisi hatulishi pale mvua ikianza. Hawa waliohamia juzi hawajui."

Tulienda naye siku hiyo hiyo, yeye nyuma ya pikipiki akiwa ameshika fimbo yake. Alinionyesha sehemu tatu. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika kifo cha miaka arobaini iliyopita, nikaweka kwenye maelezo, usahihi wa mita tano, nikangoja palepale mpaka nikaona neno "imetumwa". Chanjo ya kimeta ya mwaka ule tuliianzia kwenye maboma ya korongo la mashariki.